Upepo Uliofungwa Ndani ya Tairi

Apitaye Chalinze, pale njia itokayo Dar es Salaam inapogawanyika, moja ikishika Morogoro na ya pili ikielekea Tanga, aghalabu humkuta fundi wa pancha amechuchumaa mbele ya gurudumu la lori lililolazwa chini, mpira wa upepo mkononi, magoti yakigusa ringi. Kikao hicho ni cha hatari kubwa, na wengi wakikaliao hawaihisi, kwa kuwa binadamu huhofu moto na chuma, ilhali upepo huuona kitu chepesi.

Tairi la lori kubwa huweza kujazwa hata pauni 110 kwa inchi ya mraba, maana yake kila sehemu iliyo kadiri ya stempu ya barua husukumwa na uzito wa mfuko mzima wa saruji. Basi na zihesabiwe stempu ziwezazo kuenea ubavuni mwake. Ringi za kizamani zina pete ya chuma ilishikayo tairi lisichomoke, na pete hiyo ikiwa imeliwa na kutu, au imenyoshwa kwa nyundo, au imeazimwa kutoka ringi ya namna nyingine, huonekana imekaa sawasawa, kisha upepo ukizidi ikafyatuka na kumpiga aliyeinama juu yake kabla hajawahi kuinua mkono. Kwa sababu ya misiba hiyo Marekani iliweka kanuni mahsusi ya ringi za vipande mwaka 1980, na mwaka 1984 ikazitia na za kipande kimoja.

Kwani hata isiyo na pete haina amani. Tairi lililotembezwa na upepo haba hukatika nyuzi zake za chuma ndani kwa ndani, na likijazwa bila kukaguliwa ubavu hupasuka mstari mrefu kama zipu.

Dawa yake si ghali: kizimba cha mabomba ya chuma cha kuliwekea gurudumu, na mpira mrefu wenye kibanio kinachojishika chenyewe kwenye valvu, ili fundi asimame kando, mbali na njia ya pete. Kabla ya kulifungua tairi, kisindano cha valvu kitolewe na upepo uishe wote. Wala ringi isichomewe ikiwa na tairi, hata lililo tupu, maana mpira ukipata moto hutoa gesi iwezayo kulipuka. Na utingo, ambaye desturi yake ni kusimama juu ya bega la fundi akitazama, apelekwe upande wa pili wa lori akangojee huko mpaka kipimo kisomwe.