Dawa ya Asili ya Kolesteroli Haipimwi kwa Wepesi wa Mwili

Anayesubiri pantoni ya Kigamboni pale Feri anawajua wauza dawa za asili: unga wa mlonge, mbegu za uwatu, kitunguu saumu na tangawizi ndani ya asali, vyote vikisifiwa kwamba vinakata mafuta. Kariakoo bidhaa ni hizohizo, ila zinaongezeka vidonge vya chupa vyenye picha ya jani. Mimi mfamasia sina ugomvi na mimea. Kinachonitia hofu ni ushahidi unaomridhisha mteja: "Nimetumia wiki mbili, mwili umekuwa mwepesi."

Kolesteroli iliyopanda kwa kawaida haina dalili. Haiumi wala haichoshi, na mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi hadi mshipa wa moyo au wa ubongo uzibe. Basi wepesi wa mwili hauwezi kukuambia kama imeshuka. Kinachosema ni damu maabara: pima kabla ya kuanza, kisha rudia baada ya wiki 6 hadi 12, ukiangalia hasa ile iandikwayo LDL.

Viungo vya jikoni, kwa kiasi cha chakula, kwa wengi havina neno. Mambo hubadilika vinapokamuliwa na kushindiliwa kwenye kidonge. Manjano ya mchuzi hayajaniletea mgonjwa, lakini vidonge vyake vikali, hasa vilivyochanganywa na pilipili manga, vimewahi kuumiza maini ya watu. Kitunguu saumu kingi kinaweza kuzidisha uvujaji wa damu kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Uwatu na mlonge huweza kushusha sukari, na mwenye dawa za kisukari akaishiwa nguvu ghafla.

Somo kubwa zaidi liko kwenye mchele mwekundu uliochachushwa kwa kuvu, unaouzwa duniani kama tiba ya asili ya kolesteroli. Huo kweli unafanya kazi, kwa sababu kuvu wake hutengeneza monakolini K, ambayo ndiyo lovastatini yenyewe, dawa ya hospitali ya kundi la statini, zinazoshusha kolesteroli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987. Anayeumeza anameza statini bila kujua kipimo, maana kiasi hutofautiana chupa kwa chupa, na baadhi huwa na sitrinini, sumu ya figo. Machi 2024 kampuni ya Kobayashi Pharmaceutical ya Japani iliondoa sokoni vidonge vyake vya mchele huo baada ya watumiaji kuugua figo. Nchi yenye maabara za kila aina, na bado.

Hata tunda tu lina nguvu zake. Balungi huzuia utumbo kuvunjavunja statini nyingine kama simvastatini, na kwa kiasi fulani atorvastatini, hivyo dawa ikalundikana mwilini. Ukitumia statini, ya hospitali au ya mchele, misuli ikiuma bila sababu, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, wahi hospitali.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Muulize muuzaji namba ya usajili, tena bila aibu. Mjamzito na anayenyonyesha wasijaribu chochote kati ya hivi kwa kiwango cha dawa. Na siku ya kliniki nenda na chupa yenyewe. Daktari anayekuongezea statini bila kujua kwamba tayari unameza nyingine kwa jina la mchele hawezi kukukinga.