Ngoma Inayosubiri Upepo wa Kaskazini

Septemba ya Houston haina dalili yoyote ya vuli. Miti bado ni ya kijani, jasho linamtoka mtu akiwa amekaa tu kibarazani, na unyevu unaopanda kutoka Ghuba ya Meksiko huilainisha biskuti iliyoachwa wazi usiku mmoja. Kalenda hutangaza vuli tarehe 22 au 23. Lakini kusini magharibi mwa jiji, kwenye maghorofa ya kupanga wanakoishi Wakongo na Warundi wengi, yupo mzee mpiga ngoma asiyeifuata kalenda hiyo. Kila asubuhi kabla ya chai huigonga ngoma yake kwa kifundo cha kidole. Ikiitika kwa sauti nzito, iliyolegea, huirudisha kwenye kona. Siku itakapoitika kwa mlio mkavu, atawapigia simu vijana wake wa Houston na wenzao wa Fort Worth: tafuteni viatu, tunakwenda mlimani.

Nilimfuata nikiwa na makala nyingine kichwani, ya maonyesho ya bure katika ukumbi wa wazi wa Miller Outdoor Theatre, unaowaburudisha watu wa Houston tangu 1923. Neno mlima likanishika, nikasahau mengine. Mlima upi? Houston iko mita 15 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Katika bustani ya Hermann Park, mwinuko ambao mtoto anaweza kujivunia kuupanda ni kile kilima cha bustani ya McGovern kilichofunguliwa 2014, chenye kimo cha futi 30, na njia yake huzunguka pole pole hadi kileleni. Nyasi za mbele ya jukwaa la Miller nazo ni kilima kilichojengwa na watu, na watoto hujiviringisha hapo hadi giza liingie. Watu wa jiji wanavipenda vilima hivyo kwa moyo wote, na ukikaa huko miaka kadhaa utavipenda pia.

"Vile ni vichuguu, mwanangu," mzee aliniambia. "Ngoma hii haikuzaliwa tambarare."

Tuanze na ngozi, maana ndiyo iliyoniweka kwenye kibaraza chake muda mrefu kuliko nilivyopanga. Ngoma ya Kirundi haina kamba. Gogo huchimbwa likabaki tupu ndani, kisha ngozi ya ng'ombe ikiwa mbichi na manyoya yake hulowekwa, ikavutwa juu ya mdomo wa gogo na kupigiliwa vigingi vya mti pande zote. Ikikauka, imekaza. Djembe ya Afrika Magharibi ikilegea, mwenyewe anavuta kamba, mambo yakaisha. Hii ikilegea, mpigaji ana jua, ana moto, na ana subira. Kule Gitega, Burundi, penye kimo cha mita 1,500 hivi, hewa husaidia. Houston hewa ndiyo inayoharibu. Kuanzia Mei ngozi inakunywa unyevu siku hadi siku, sauti inashuka, na mrisho, yaani ule mti wa kupigia, unazama badala ya kuruka.

Mzee ana ngoma tatu. Mbili zilikuja kwa kontena kutoka Burundi, za mti wa umuvugangoma, ambao Tanzania unajulikana kama mringaringa. Ya tatu ameichonga mwenyewe kutokana na mwaloni ulioangushwa na kimbunga Beryl, Julai 2024. Jirani yake alikuwa akitafuta mtu wa kumwondolea gogo uani. Mzee akaliomba, akalikalia miezi. Mwaloni ni mgumu, patasi zilimvunjikia, kwa hiyo akauacha ukuta mnene kuliko inavyotakiwa, na sasa inabidi vijana wawili washirikiane kuipandisha kichwani kwa mwenzao juu ya ngata. Ngozi nayo ilimsumbua. Texas ndiyo yenye ng'ombe wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, lakini ngozi mbichi yenye manyoya huipati dukani. Alimpata mchinjaji wa halali nje ya mji, akambembeleza asiitupe wala asiipeleke kiwandani.

Nikamwuliza kwa nini asiiweke ngoma chumbani, penye kiyoyozi. Alishajaribu. Kiyoyozi kinakausha kwa pupa, ngozi inavutika upande mmoja na kuchanika kwenye vigingi. Alinionyesha mpasuko, akaupitishia kidole, urefu wake kama wa njiti ya kiberiti. Tangu hapo anasubiri upepo wa kaskazini, ule wa kwanza unaoteremka kutoka nyanda za katikati ya Marekani na kuusukuma unyevu wote urudi baharini. Huja mwishoni mwa Septemba, mwaka mwingine Oktoba kabisa. Nilibahatika kuwapo. Alfajiri ile dirisha halikuwa na ukungu. Mzee aliigonga ile ya mwaloni, akanyamaza, akaigonga tena ukingoni halafu katikati, kisha akamwita mkewe jikoni aje asikie. Mama alikuja na mwiko mkononi. Hata mimi nisiyejua ngoma niliisikia tofauti: jana yake sauti ilikuwa ikifia pale pale, leo ilifika hadi kwenye maegesho ya magari na mbwa wa jirani akabweka.

Msomaji anazijua historia za wakimbizi wa Burundi, nitazipita haraka. Mwaka 1972, wakati wa mauaji makubwa ya Burundi, mzee alivushwa mpaka akiwa mgongoni kwa mama yake. Amekulia kambini Tanzania, na Kiswahili chake ni cha Kibondo. Kuanzia 2007 Marekani ilipokea maelfu ya "watu wa 1972", na yeye akaangukia Texas. Ngoma alifundishwa na mzee mmoja wa upande wa Gitega waliyekuwa naye kambini. Maana yake ni kwamba milima anayoililia aliiona akiwa hajui hata kuhesabu. Nilimwambia hivyo, kwa heshima. Alisema mwalimu wake alikuwa akiwapeleka vijana kwenye miinuko ya Kibondo kabla ya kila sherehe, na kwamba mlima alioujua ni ule wa miguu, si wa macho.

Na miguu ndiyo hoja yake yote. Wapigaji huingia uwanjani ngoma ikiwa kichwani, wakiipiga huku wakitembea. Wakishazitua wanasimama nusu duara: za amashakwe zinashika mdundo bila kuyumba, za ibishikizo zinaifuata inkiranya iliyo katikati, na hapo katikati wanaingia mmoja mmoja, wanaruka, wanaimba, wanapiga. Vijana waliozaliwa Houston wana nguvu za mikono, wengine wanabeba vyuma. Pumzi hawana. Wanaishi mahali ambapo hakuna ngazi ndefu kuliko ya ghorofa ya pili, na kila safari ni ya gari. Mruko wa tatu, anasema mzee, wimbo umekatika, na wimbo ukikatika aliye kwenye inkiranya anapiga kelele tu.

Mlima aliouchagua ni Guadalupe Peak, mrefu kuliko yote Texas, mita 2,667. Mjukuu wake ndiye aliyegundua kwenye simu kwamba Heha, mlima mrefu kuliko yote Burundi, huandikwa mita 2,670, na mahali pengine 2,684. Karibu sawa! Mzee haachi kulitaja jambo hilo. Nami nililikuta jingine: hifadhi ya Guadalupe ilizinduliwa rasmi Septemba 1972, miezi michache tu baada ya yeye kuvushwa mpaka. Nilipomweleza alitikisa kichwa muda mrefu, akanywa chai yake.

Kutoka Houston wanapanda kwanza Fort Worth kuwachukua wenzao, kisha I-20 kuelekea magharibi, Abilene, Midland na visima vyake vya mafuta, hadi jangwani. Usiku wanalala ndani ya magari na mahema, alfajiri wanaianza njia pale Pine Springs. Ni kilomita 13 na nusu kwenda na kurudi, mwinuko wa mita 900 hivi, na maili ya kwanza na nusu ni kali kuliko zote. Maji hakuna njiani. Kila mtu abebe lita nne. Mlima wenyewe ni mwamba wa bahari ya kale sana, uliojengwa na sifongo na mwani zaidi ya miaka milioni 260 iliyopita, na ukiinama unaona viumbe vimeganda kwenye jiwe. Vijana walipiga picha. Mzee aliwahimiza.

Ngoma hazipandi. Sheria ya hifadhi za taifa Marekani hairuhusu chombo cha muziki kizidi desibeli 60 kikipimwa umbali wa futi 50, na ngoma moja tu ya Kirundi inavuka kiwango hicho bila jasho. Kwa hiyo kila kijana hubeba mirisho yake miwili kwenye begi. Kileleni, pembeni ya ile piramidi ya chuma iliyowekwa 1958, upepo ni wa kumyumbisha mtu, na amri ya mzee ni moja: hakuna kukaa. Kila mmoja aruke mara tatu na aimbe ubeti wake hadi mwisho, akipiga mapajani. Niliwatazama. Wawili walimaliza vizuri. Mmoja wa Fort Worth alikatika katikati, akaegemea jiwe akicheka na kuhema. Aliyeimba hadi mwisho, akaruka mara ya nne bila kuambiwa, sauti ikiwa ile ile, alikuwa mjukuu wa mzee, binti wa miaka kumi na saba.

Hapa ndipo jambo lenyewe linapouma. Kwa desturi wanawake hawapigi ngoma hizi. Huimba na kucheza pembeni. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya kifalme ya Burundi kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na Oktoba 2017 amri ya rais ikaigeuza desturi hiyo kuwa sheria: wanawake marufuku, na kila onyesho lilipiwe hazina ya serikali. Amri hiyo haifiki Texas. Lakini mzee haipuuzi. Anasema aliyemfundisha hakumpa ruhusa ya kubadilisha, na mtu aliyepewa kitu kambini, wakati hana kingine, hakichezei.

"Lakini mlimani unampeleka, Mzee."

"Mlima si jukwaa."

Mazoezini binti hupiga, milango ikiwa imefungwa. Siku ya onyesho huvaa vitenge na kuimba nyuma. Yeye mwenyewe alinijibu bila kusitasita: hasubiri ruhusa ya Bujumbura, anasubiri ya babu yake.

Kundi lao hupiga kwenye harusi, makanisani, na Julai mosi, sikukuu ya uhuru wa Burundi. Miller, yenye viti 1,700 hivi chini ya paa na maelfu zaidi ya watu kwenye nyasi, hawajawahi kuifikia. Naamini wanastahili. Nimeketi kwenye nyasi zile nikasikiliza vikundi vikubwa vyenye maikrofoni, na sijasikia kitu kilichosogea kifuani kama mwaloni ule ulivyoitika siku ya upepo wa kaskazini.

Oktoba hii wana onyesho kwenye ukumbi wa kanisa Fort Worth. Kijana aliyezoea kuifungua inkiranya amepata kazi kwenye visima vya Midland, zamu za wiki mbili mbili, na tarehe hiyo atakuwa kazini. Mke wa mzee ameshakata kitambaa cha rangi tatu za bendera na kukipima mabegani mwa binti. Nilipomwuliza mzee kama anajua, alisema anajua, kwamba jambo hilo lina kikao, na wazee wa Fort Worth bado hawajasema lini wanaweza kuja.