Vikate vya viazi vya siku nane

Wasomaji wetu Wakatoliki wanaijua habari ya Yuda Makabayo, alivyosafisha hekalu la Yerusalemu na kutabaruku altare upya. Hata Injili ya Yohane 10:22 inaitaja sikukuu hiyo, nayo inasema ilikuwa wakati wa baridi. Wayahudi wanaiita Hanuka. Mapokeo yao yanasema mafuta ya taa ya siku moja yaliwaka siku nane. Ndiyo sababu siku hizo chakula kinapikwa kwa mafuta.

Katika nchi yetu, Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes walifika Katanga mwanzoni mwa karne ya 20, na sinagogi yao iko Lubumbashi. Desturi ya hao ni donge la unga lililokaangwa na kutiwa asali, ndugu kabisa wa mikate yetu ya asubuhi. Vikate vya viazi ni vya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki. Tumevichagua kwa sababu watoto wanavipenda.

Viazi hapa ni viazi vya Ulaya, si viazi vitamu vya mashamba yetu. Vinatoka milima ya Kivu, na njiani vinapigwa na jua. Chenye rangi ya kijani kina uchungu na sumu: kata sehemu hiyo yote, au kitupe.

Kwa viazi vikubwa vinne, tafuta kitunguu kimoja, yai moja, vijiko viwili vya unga wa ngano, na chumvi. Menya, kisha kwaruza viazi na kitunguu pamoja kwenye bati lililotobolewa kwa msumari. Funga katika kitambaa safi, kamua juu ya bakuli. Kamua tena, maana hapa ndipo wengi wanachoka mapema: maji yakibaki, kikate kinachemka ndani ya mafuta badala ya kukauka. Acha maji ya bakuli yatulie kidogo, yamwage taratibu, na ule unga mweupe uliobaki chini urudishe kwenye viazi. Ndio unaoshikanisha. Changanya na vingine, kaanga mara moja.

Mafuta yafike nusu ya unene wa kikate, yawe ya moto kabla ya kuanza. Kijiko kimoja, bonyeza kiwe chembamba, geuza pembeni pakiwa pa kahawia. Usijaze kikaango. Mawese yanafaa, ingawa rangi na ladha vinakuwa vyake. Ukivitoa usivirundike, mvuke unavilainisha.

Sasa jambo tunalotaka kulisema kwa nguvu. Viazi ni ghali, na mama atasema: nitakwaruza muhogo. Muhogo mchungu uliokwaruzwa mbichi na kukaangwa papo hapo ni hatari, kwa sababu moto wa dakika chache hauondoi sumu yake. Sumu hiyo ikiwa nyingi inaweza kuua siku ile ile. Ikiliwa majuma mengi bila samaki, nyama wala maharagi, inaleta konzo: miguu inakakamaa ghafula, haiponi, na wanaopatwa zaidi ni watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Daktari Trolli aliuandika ugonjwa huo mwaka 1938 kule Kwango. Jina lake kwa Kiyaka ni miguu iliyofungwa. Kulowesha siku kadhaa na kuanika, walivyotufundisha bibi zetu, si ushamba.

Kwa hiyo tumia muhogo mtamu tu, ule unaoujua shamba lake. Umenye, uchemshe hadi karibu kuiva, mwaga maji, upoe, ndipo ukwaruze. Huo haukamuliwi. Wa sokoni usioujua, uache. Makemba mabichi yanafaa pia, na hayana shida hiyo.

Ulaya wanakula na tofaa lililopondwa. Sisi tulikula na papai, na wengine kwa pilipili. Vilivyobaki vinarudi kukauka asubuhi kwenye kikaango kikavu, juu ya makala machache.