Kabla ya Kununua Dawa ya "Kuongeza Kinga"

Mnunuzi wa Kigoma, awe sokoni Mwanga au Ujiji, huuziwa chupa zinazodaiwa kuongeza kinga dhidi ya virusi vya kila aina. Twashauri aulize kwanza kinga hiyo hutoka wapi.

Kirusi kama cha surua kinapoingia katika seli, seli hutoa protini iitwayo interferoni ili kuziarifu seli jirani. Amri ya kuitoa hupitia kwenye mitokondria, yaani sehemu zile zile ambamo seli huunguza chakula ipate nguvu. Jiko na ngoma ya mgambo vimo katika chumba kimoja. Kisha chembe nyeupe za damu huzaliana upesi, zikitumia sukari na protini kwa wingi kuliko zilipokuwa zimetulia. Mtoto mwenye utapiamlo hana akiba ya kugharimia kazi hiyo, na surua humlemea.

Mwaka 1987 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto 180 waliougua surua katika Hospitali ya Mvumi, Dodoma. Kati ya 88 waliopewa vitamini A walifariki 6; kati ya 92 wasiopewa walifariki 12. Vitamini hiyo iliziba pengo. Asiye na pengo haongezewi kinga kwa kuizidisha, na ikizidi hudhuru, hasa mimba.

Bahati njema, mawese yetu mekundu yana kiini ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A. Yasichomwe jikoni hadi wekundu upotee, maana kiini hicho hupotea pamoja nao. Dagaa wa ziwani, waliwao wazima, huleta protini na madini. Chanjo ya surua hutolewa bila malipo katika miezi 9 na 18. Hakuna chupa iliyo badala yake.

Ukikusudia kununua hata hivyo, tazama kibandiko: usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ikiwa ni dawa, alama ya Shirika la Viwango ikiwa ni chakula, usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ikiwa ni dawa ya asili. Maneno "hutibu virusi vyote" yatosha kukurudisha nyuma. Dai risiti, na uitunze pamoja na chupa, kwani malalamiko bila vitu hivyo ni vigumu kuyafuatilia.