Je, Wajua? Dar es Salaam, Jiji la Pesa ya Kila Siku

Je, wajua kwamba kuna wakati kukutwa Dar es Salaam bila kazi inayotambulika kulitosha kukupandisha kwenye lori? Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ambayo watu waliizoea kwa jina la Nguvu Kazi. Watu walisimamishwa mitaani na kudaiwa kitambulisho cha kazi, na asiye nacho alirudishwa kijijini kwao au kupelekwa shambani akalime. Muuza karanga, mbeba mizigo na fundi viatu wa chini ya mti wote walihesabiwa kuwa wazururaji. Wengi hawakukaa huko. Baada ya muda mfupi walikuwa wamesharudi mjini, tena kwa nauli zao wenyewe. Miaka 35 baadaye, Desemba 2018, Rais John Magufuli alianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh 20,000 kimoja, ili mmachinga afanye biashara yake bila kubughudhiwa.

Kwa nini watu wale walirudi? Wengi husema kijana wa kijijini anavutwa na taa za mjini. Mimi naamini anafuata mzunguko wa fedha. Mkulima wa korosho wa Mtwara husubiri minada ya mwisho wa mwaka, na wa pamba kule Simiyu husubiri msimu unaofunguliwa karibu na Mei. Miezi iliyobaki anaishi kwa kukopa, kuuza kuku na kuvumilia. Sasa mtazame kijana aliyesimama kwenye foleni ya magari pale Ubungo na ndoo ya maji baridi kichwani. Alinunua maji kwa jumla asubuhi, na saa sita mchana ana pesa mkononi. Ni kidogo, lakini ni ya leo, na kesho itapatikana nyingine. Kwa mtu aliyezoea kupokea pesa mara moja kwa mwaka, hilo ni badiliko kubwa la maisha.

Sensa zinaonyesha wangapi wamelifuata. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wasiofika 273,000. Sensa ya 2012 iliwakuta milioni 4.36, na ya 2022 ikawakuta milioni 5.38. Yote haya kwenye bandari aliyoanza kuijenga Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860, kisha ikadorora alipofariki mwaka 1870, mpaka Wajerumani walipohamishia makao yao makuu hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891.

Je, wajua pia kwamba kuishi mjini kwa mshahara peke yake kuliwashinda hata waajiriwa wa serikali? Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyefanya kazi Manzese na Buguruni mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu mwaka 1997, alikuta mshahara wa kima cha chini haumalizi hata wiki moja ya chakula cha familia. Nyumba ziliendeshwa na miradi: maandazi, vitumbua, kuku wa uani, cherehani barazani. Wake na watoto ndio walioibeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Leo mishahara imepanda, na kima cha chini cha mtumishi wa umma kimefika Sh 500,000 tangu Julai 2025, lakini ofisi nyingi za jiji bado zina mtumishi anayeuza viatu, asali au vitenge kwa wenzake wakati wa chai.

Sasa tuje kwenye nyumba, maana hapa ndipo mgeni wa jiji anapopata somo lake la kwanza. Tuseme umepata chumba cha Sh 70,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani Sh 420,000. Dalali aliyekuonyesha anataka kodi ya mwezi mmoja, Sh 70,000 nyingine. Kabla hujanunua godoro, umetoa Sh 490,000. Mtu anayeingiza pesa kila siku anatakiwa alipe kwa nusu mwaka. Nionavyo mimi, hakuna jambo linalomuumiza mpangaji wa Dar es Salaam kuliko hili, na ndilo linalowafanya vijana wanne kulala chumba kimoja hata pale ambapo kila mmoja angemudu cha kwake kama kingelipwa mwezi kwa mwezi.

Chumba chenyewe mara nyingi kimo katika nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mwembamba katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, halafu ua wenye bomba, jiko na choo. Nyumba ya mpango huu inakaliwa na watu wa vipato tofauti chini ya paa moja, na mwenye nyumba mara nyingi anaishi humohumo. Ina uzuri wake, kwa sababu mtoto akiugua usiku kuna milango mitano ya kugonga. Ina ugomvi wake pia, na ugomvi mkuu ni wa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mita ni moja, wapangaji ni sita. Wa chumba cha kwanza ana taa na chaji ya simu tu, wa tatu ana friji la kuuzia barafu, wa tano anapiga pasi kila alfajiri. Mchango ukikusanywa, kila mmoja anajua matumizi ya mwenzake kuliko anavyojua yake.

Tena ndani ya LUKU hiyo kuna kodi ya serikali. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa mtu anaponunua umeme. Ilianza kwa Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikapanda hadi Sh 1,500, sawa na Sh 18,000 kwa mwaka. Ni kodi ya mwenye nyumba, lakini anayeingiza namba kwenye mita ni mpangaji. Anayo haki ya kudai irudishwe au ikatwe kwenye kodi ya chumba. Wangapi hudai?

Mambo mawili ya haraka kuhusu sheria za nyumba. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya Sh 100,000 yaliyokuwa yamepangishwa, na mengi ya katikati ya jiji leo yako chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Na sheria iliyokuwa ikidhibiti kupanda kwa kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ni maelewano kati ya mwenye chumba na mwenye shida ya chumba.

Je, wajua kwamba katika jiji hili mwenye kipato kidogo mara nyingi ndiye anayenunua kwa bei kubwa? Simama dukani kwa Mangi, muuza duka wa mtaani, jioni, saa kumi na mbili hivi, usikilize. Mafuta ya kupima, kikombe kimoja. Sukari robo. Nyanya fungu moja. Sabuni kipande. Ukijumlisha vikombe vya mafuta vya mwezi mzima, utakuta ungenunua dumu na chenji ikabaki. Lakini hela ya dumu haijawahi kukaa mkononi kwa wakati mmoja. Mkaa ni vivyo hivyo. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya mkaa wote wa Tanzania unateketea Dar es Salaam, na akina mama wengi wanajua fika kwamba gesi ingewatokea nafuu kwa mwezi. Mtungi, hata hivyo, unajazwa wote kwa mara moja, na mkaa unauzwa kwa kopo. Kampeni za nishati safi zitakazosahau kopo hilo zitawafikia wenye mishahara na kuwaacha wengine wote.

Na maji? Mengi yanatoka Mto Ruvu, unaochukua maji yake kwenye milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Mvua ikikosekana kule, huku mabomba yanakauka, kama ilivyotokea Oktoba 2022 jiji lilipowekewa mgawo. Siku hizo bei ya dumu la lita 20 la mkokoteni hupanda mara moja. Mwenye tangi kubwa nyumbani haoni tofauti kwa siku kadhaa. Mwenye ndoo mbili anaiona asubuhi hiyohiyo.

Usafiri nao unaendeshwa kwa pesa ya siku. Mwaka 1983, mwaka uleule wa Nguvu Kazi, serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi kubeba abiria jijini. Daladala haina mshahara wa mwezi kama ofisi. Tajiri wa gari anapanga hesabu, yaani kiasi ambacho dereva lazima ampelekee jioni. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho cha dereva na konda. Ukielewa hivyo, umeelewa kwa nini gari haliondoki kituoni mpaka lijae na kwa nini linakimbia likishajaa. Umeelewa pia kwa nini mtoto wa shule mwenye nauli ya Sh 200 anaachwa kituoni saa kumi na mbili asubuhi, mkoba mgongoni, akiangalia magari matatu yakipita. Konda anamhesabu kama kiti kilichopotea. Nadhani jiji linaloweza kujenga madaraja ya juu kwa juu linaweza pia kutafuta namna ya kumfidia konda huyo, ili mtoto afike darasani kabla ya kengele. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kati ya Kimara na Kivukoni mwaka 2016, yamepunguza muda wa safari kwa walio karibu nayo. Mbagala walisubiri mpaka Oktoba 2025.

Ukitaka kuona pesa ikizunguka kwa macho yako, nenda Kariakoo. Soko lenyewe lilisanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa katikati ya miaka ya 1970, na paa lake la maumbo kama miavuli iliyogeuzwa lilitengenezwa likusanye maji ya mvua. Moto uliliunguza Julai 2021. Lakini Kariakoo ya leo ni mitaa yote inayolizunguka, ambako wanunuzi huja kutoka Lubumbashi, Lusaka, Bujumbura na Moroni. Fremu moja ya duka inaweza kugawanywa kwa wafanyabiashara watatu au wanne, kila mmoja na meza yake. Juu ya kodi kuna kilemba, fedha ya kuachiwa fremu, ambayo yaweza kuishinda kodi ya mwaka mzima. Mbele ya fremu hiyo kuna mmachinga aliyetandika bidhaa chini, na mara nyingi mzigo wake umetoka kwenye duka lilelile lililo nyuma yake. Amekopeshwa asubuhi, atalipa jioni. Ndiyo maana wamachinga walipoondolewa barabarani Oktoba 2021, baadhi ya wenye maduka nao waliona mauzo yakishuka.

Pesa ya kila siku ina tatizo moja: haikusanyiki. Watu wa Dar walishapata dawa yake, na dawa hiyo ni mchezo. Akina mama ntilie kumi wanakubaliana kila mmoja atoe Sh 10,000 kwa siku. Kijumbe, yaani mkusanyaji wao, anapita na daftari, na kila siku mmoja wao anapokea Sh 100,000. Wa kwanza amepata mkopo usio na riba, wa mwisho amejiwekea akiba, na wote wamepata ile hela ya mkupuo ambayo biashara zao zisingewapa. Kodi nyingi za miezi sita zinalipwa hivyo. Sufuria kubwa, cherehani, ada ya shule, vivyo hivyo.

Tatizo ni pale mtu anapohitaji hela kabla zamu yake haijafika. Hapo ndipo wanapoingia watu wa kausha damu, mikopo midogo ya kulipa kila siku au kila wiki, inayochukua kitanda na televisheni ukichelewa. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa huduma ndogo za fedha wasiopokea amana, na Novemba 2024 ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kabla ya kusaini, uliza leseni, uliza riba ya mwezi, na uombe nakala ya mkataba. Anayekataa kukupa nakala, mwache.

Je, wajua kwamba mafuriko ya Desemba 2011 yalionyesha jinsi ukaribu na mzunguko wa fedha ulivyo na thamani? Takriban watu 40 walipoteza maisha, na serikali ikawapa waathirika wa mabondeni viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Viwanja vilikuwa salama. Kazi zilikuwa zimebaki mjini. Baadhi walivikubali, kisha wakarudi kupanga vyumba karibu na Mto Msimbazi, mahali pale walipokuwa wakipata riziki.

Na sasa jiji lenyewe limevuka mpaka. Kati ya 2012 na 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulikua kwa asilimia 2.1 kwa mwaka, chini ya wastani wa taifa wa asilimia 3.2. Ukiishia hapo utadhani watu wameichoka Dar. Tazama jirani yake: mkoa wa Pwani ulitoka watu milioni 1.1 hadi zaidi ya milioni 2. Miongoni mwao wamo walewale wa Dar, waliopata kiwanja cha bei nafuu Kibaha, Mkuranga au Mapinga, wakajenga kwa awamu, tofali kwa tofali, wakaukwepa mkupuo wa miezi sita. Sasa wanaulipa kwa nauli na kwa usingizi.

Je, treni ya SGR itaisogeza mipaka hiyo hadi Morogoro? Ilipoanza Juni 2024, safari ilishuka chini ya saa mbili na nauli ya kawaida ikawa Sh 13,000. Kwenda na kurudi ni Sh 26,000, na kwa siku 22 za kazi ni Sh 572,000, zaidi ya kima cha chini cha mtumishi wa umma. Kwa mwajiriwa wa kawaida hesabu haijakubali. Kwa mwenye duka wa Morogoro anayekuja kufuata mzigo Kariakoo mara moja kwa wiki na kurudi jioni bila kulipa gesti, imeshakubali.