Taa za ndakala Kalemie: Gundi yenye harufu ya siki inavyoharibu saketi

KALEMIE – Giza likiingia, taa za wavuvi wa ndakala huanza kumetameta juu ya Ziwa Tanganyika. Karabai za mafuta zinaendelea kuipisha LED ya betri, ambayo hula umeme kidogo na hudumu, mradi maji yasiingie ndani. Taa ikizimika katikati ya ziwa, samaki hutawanyika, na mafuta ya injini yameshachomwa bure.

Maji hayahitaji tundu kubwa. Hupenya pale waya unapoingia kwenye kasha, pembeni ya swichi au chini ya kioo. Taa ikiwaka, hewa ya ndani hupata joto na kutanuka. Mvua au wimbi likiipoza ghafla, hewa hiyo husinyaa na kuvuta unyevu kupitia mwanya wowote uliopo. Tanganyika si maji ya chumvi kama bahari, lakini yana madini ya kutosha kupitisha umeme, na shaba yenye umeme ikilowa huliwa haraka.

Ndipo mmiliki hukimbilia tyubu ya silikoni ya kuzibia madirisha na masinki. Hapo ndipo penye mtego. Silikoni nyingi za bei nafuu zikikauka hutoa asidi ya asetiki, ileile iliyomo kwenye siki. Kwenye kioo cha dirisha haina neno. Ndani ya kasha lililofungwa, mvuke huo hukosa pa kutokea, ukashambulia shaba na viungo vya lehemu. Taa iliyozibwa vizuri dhidi ya maji inaweza kufa kwa gundi yenyewe.

Kabla ya kulipa, soma tyubu. Tafuta neno “neutre” au “neutral”. Ukiona “acétique” au “acetic”, iache. Maandishi yakiwa yamefutika, kamua tone na unuse: ikinuka siki, ibaki ya dirisha. Hata zisizo na siki hazilingani. Aina ya oksimu inaweza kuchafua shaba mahali pasipo hewa, kwa hiyo aina ya alkoksi ndiyo salama zaidi kwa saketi.

Vipi kuhusu epoksi? Hushika kama jiwe, na hilo ndilo tatizo lake: siku waya ukikatika ndani, fundi hana pa kuingilia. Gundi ya fimbo inayoyeyushwa kwa moto hulainika taa ikipata joto. Supaglu hukauka ikawa ngumu na kupasuka kwa mtikisiko wa mtumbwi.

Gundi nzuri nayo haishiki juu ya mafuta ya samaki. Safisha kwa spiriti, acha pakauke, paka kidogo kuzunguka mwanya, wala usifunike bati la alumini linalotoa joto. Silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa, takriban milimita 2 hadi 3 kwa siku, hivyo kasha libaki wazi saa 24 au zaidi. Siku za mbalamwezi, wavuvi wengi wanapopumzika, zinatosha kabisa kwa kazi hii.

Ikishakauka na kufungwa, izamishe taa, ikiwa imezimwa na kutengwa na betri, kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu. Mapovu yakitoka, yatakuonyesha mwanya uliosahaulika.