Kalemie: Mgeni wa Oktoba haoni maji ya Mei

Kila mwaka, mvua za kwanza zinapokaribia katika jimbo la Tanganyika, watoto wa Kalemie wanaoishi mbali hurudi kusalimia wazazi. Wanatoka Lubumbashi, Uvira, Baraka, hata Kinshasa, na wanataka kufika kabla matope hayajafunga barabara. Lakini huo pia ndio wakati ambao ziwa Tanganyika liko chini. Mtu anayeliona kipindi hicho tu anaweza kukata shauri baya juu ya nyumba ya wazazi wake.

Safari yenyewe si ndogo. Kutoka Lubumbashi, treni ya SNCC inapita Kamina na Kabalo. Reli ilifika hapa mwaka wa 1915, wakati mji ulikuwa unaitwa Albertville. Hakuna anayehesabu saa katika treni hiyo. Watu wanapanda na unga, sufuria na makala, kwa sababu wanajua watalala njiani zaidi ya usiku mmoja. Wanaotoka Uvira na Baraka wanapita ziwani. Hao hawajasahau Desemba 2014, wakati boti Mutambala lilipozama na kuua watu zaidi ya mia moja. Kabla ya kuuliza bei ya tiketi, mtu hutazama kwanza upepo.

Wakifika, mambo ni yale yale ya siku zote. Kitenge cha mama, sukari, sabuni, dawa za presha za baba. Jioni ni bukari na mikeke. Siku ya kurudi, mgeni anafungiwa ndagala kavu za kupelekea majirani wa mjini.

Kati ya siku hizo mbili, mgeni anatembea kuangalia mji. Kalemie imebadilika tangu mwaka wa 2015, Katanga ilipogawanywa na mji huu kuwa makao makuu ya jimbo. Ofisi zimeongezeka, pikipiki zimejaa. Filtisaf, kiwanda cha nguo kilicholisha familia nyingi zamani, kilinyamaza tangu miaka mingi, na vijana wanaijua kama jina tu.

Mabadiliko makubwa zaidi yako pembeni ya maji. Katika miaka ya 2020, 2021 na 2024 ziwa lilipanda sana na kuingia katika mitaa ya chini, hapa Kalemie na pia Uvira, Baraka na Bujumbura. Mtu aliyeondoka zamani akiuliza nyumba ya rafiki karibu na ufuko, anaonyeshwa msingi wa matofali na mti uliokauka. Njia aliyopita akienda masomo leo inaishia majini.

Hata hivyo, mwezi wa Oktoba mambo hayo hayatishi. Mchanga umetokea tena, watoto wanacheza mpira, nyavu zimeanikwa. Mgeni anaona maji yako mbali na mlango, anafikiri ndugu zake waliongeza chumvi katika simu walipoomba pesa ya kuhama.

Sababu ya tofauti hiyo inajulikana. Ziwa linapokea mvua na mito, kama Ruzizi na Malagarasi, kuanzia Oktoba mpaka Aprili. Maji yanafika juu kabisa karibu na mwezi wa Mei. Kisha kiangazi kinayapunguza: sehemu kubwa inakauka kwa jua na upepo, na kidogo tu kinatoka kwa mto Lukuga, hapa Kalemie, kuelekea Lualaba. Tofauti kati ya Oktoba na Mei kwa kawaida haifiki meta moja. Lakini mahali ambapo ardhi ni tambarare, kiasi hicho kinatosha kuvusha maji kizingiti cha nyumba.

Na hili si jambo la leo. Katika miaka ya 1870, mdomo wa Lukuga ulikuwa umezibwa na udongo na majani, na ziwa likaendelea kupanda. Karibu na mwaka wa 1878 maji yalivunja kizuizi hicho, na kwa miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa meta nyingi. Mwaka wa 1964 lilipanda tena sana. Ufuko ambao wazee walijengea haukuwa na mpaka wa kudumu.

Ndiyo maana ziara ya Oktoba mara nyingi inageuka kikao cha familia. Mzee hataki kuhama. Nyumba aliijenga kwa mshahara wa miaka mingi, soko liko karibu, mtumbwi uko mlangoni. Huko kwenye vilima, maji ya kunywa ni shida na mvua inachimba mashimo ya mmomonyoko. Sababu zake si za bure.

Ugumu uko kati ya watoto. Anayetuma pesa yuko mbali, na neno lake lina uzito. Anayebaki na wazee hana pesa, lakini ndiye atakayembeba mama mgongoni usiku maji yakiingia. Wa kwanza amekuja Oktoba. Wa pili aliyaona maji ya Mei.

Kabla ya kufunga mkoba, mgeni anaweza kufanya kazi ndogo isiyo na gharama. Aombe kuonyeshwa alama ya maji ukutani, ile mistari ya kahawia iliyobaki katika nyumba nyingi za chini, na aipime kwa mkono wake. Aulize jirani maji yalifika wapi mwaka wa 2024. Karte ya uchaguzi, vyeti vya watoto na karatasi za kiwanja vipelekwe kwa ndugu anayekaa juu. Na familia ikubaliane, kwa majina, nani atampokea mzee ikifika Machi au Aprili, hata kama ni kwa miezi mitatu tu.

Mzee anayekataa kuhama moja kwa moja anaweza kukubali kwenda kulala kwa mtoto wake mpaka kiangazi kirudi. Kwa familia nyingi, hilo ndilo linalowezekana mwaka huu. Anayeweza aje mara moja mwezi wa Mei, ajionee mwenyewe.